Bloku Iliyoitika

Bloku ya injini iliyo nzima ukiigonga nyundo hulia, kisha hunyamaza. Yenye ufa hukohoa. Hilo kila fundi wa Changamwe analijua, lakini watu walibeba vyuma vyao kutoka Mazeras na Mariakani ili Mwidani ndiye avigonge, maana sikio lake halikuwahi kumwambia uongo. Basi siku Hashim alipomletea bloku ile juu ya mkokoteni, Mwidani aliigonga kama kawaida yake, ikalia. Akaweka kiganja kuizima. Ikaendelea kulia chini ya kiganja.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nini?" Hashim alikuwa ametazama barabarani, kwenye malori ya Kipevu.

Hashim hakuwa rafiki wa kukutana kahawani. Walitiwa jandoni pamoja kule Shika Adabu, wakajifunza kushika spana kwa fundi mmoja, na Mwidani alipooa, Hashim ndiye aliyekaa ubavuni pake. Hashim akimwambia shika upande huu, Mwidani hushika kwanza, kisha ndipo atazame anashika nini. Kwa hiyo aliupuuza ule mlio, akaanza kazi.

Alisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka namba zikatokea ubavuni. Ilikuwa ya Bedford, ya petroli, silinda sita, ya enzi zile lori lilipokuwa na pua. Alipima silinda, akakuta kuta zake bado zina unene wa kuchongwa mara moja zaidi. Alipaka mafuta ya taa, akapangusa, akanyunyizia unga wa chaki, akangoja. Penye ufa pangechora mstari mweusi. Chaki ilibaki nyeupe.

"Yafaa nini?" Hashim aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hii si ya kuuza kwa kilo, yakhe. Kuna bwana mmoja Nyali anafufua malori ya kale. Akiiona hii hatalala. Umeitoa wapi?"

"Kwa watu. Basi tia alama yako, isije ikabadilishwa huko kwa mchonga silinda."

Ndivyo mafundi wafanyavyo. Kwa mchonga silinda huenda bloku nyingi, na asiyetia alama hurudishiwa ya mwenzake, mbovu, na hana la kusema. Kila fundi ana herufi zake za chuma cha pua anazozigongea pembeni, na chuma chenye alama yako ni chako.

"Si utie yako? Mali ni yako."

"Alama yako yaheshimiwa, kaka. Yangu nani aijua?"

Mwidani alicheka, maana sifa ni tamu hata kwa mtu mzima. Akasimamisha herufi, akagonga. Pakatoka harufu ya mafuta yaliyoungua, na ndani yake harufu ya udi, kana kwamba mahali fulani palikuwa na maiti anaoshwa. Hashim alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, akaaga hata chai hakuinywa.

"Hashim amekataa chai?" Kitsao, jirani yake anayenyoosha springi za malori, alimtania kutoka kibanda cha pili. "Leo mvua itanyesha! Na wewe kaka, lini utanifunza kusikia chuma?"

"Siku moja, Kitsao. Usiwe na haraka."

Ijumaa iliyofuata Mwidani alikaa akingoja adhana mpaka akaona watu wamevaa kanzu wanarudi kutoka msikitini. Aliwauliza kama spika imeharibika, wakamcheka. Jioni Hashim alimpigia simu. Aliliona jina, akaiweka sikioni, kimya. Mtandao, alijiambia. Kisha siku moja alirudi nyumbani, akamkuta mkewe Salha anasogeza midomo. Alidhani anamfanyia mzaha. Salha akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, machozi yakaanza kumlenga, na Mwidani hakusikia hata pumzi yake, ila muuza maji barabarani alimsikia, na honi za malori, na Kitsao akipiga mluzi kibandani kwake. Daktari alimchungulia akamwambia masikio yako mazima, na huyo daktari naye alimsikia vizuri kabisa.

Nyumbani aliyebaki kusikika ni Rahima, binti yake mdogo, mtoto aanzaye kusema kabla hajafumbua macho. Mwidani alianza kumbeba kila mahali. Aliogopa hata kumwambia nyamaza.

Mchana mmoja wenzake walipokwenda kula, aliinama juu ya bloku kutafuta kosa lililomsumbua, ule mlio. Aliigonga kidogo tu. Ndani ya chuma ikatoka adhana, ya muadhini wao, na kile kikohozi chake kabla ya kuanza, na Mwidani akasikia nywele za mikono zikimsimama lakini mkono ukagonga tena, ikatoka sauti ya Salha ikimwita Baba Rahima, Baba Rahima, mbona hunijibu, na harufu ya udi ikapanda kutoka kwenye silinda zile sita zilizokuwa wazi kama vinywa, na jua lilikuwa la saa sita lakini vidole vilimfa ganzi kwa baridi, akataka kukimbia na miguu haikutaka, akagonga mara nyingine kwa sababu hakujua la kufanya zaidi ya kugonga, na safari hii akamsikia Hashim.

"Nirudishie sauti ya mama yangu," Hashim alikuwa akilia ndani ya chuma. "Nitakuletea sikio bora kuliko langu. Ni la rafiki yangu. Nikimwambia atie alama atatia. Yeye haulizi."

Mwidani alikaa chini mavumbini. Baadaye alichukua tupa, akakwangua rangi upande wa pili wa bloku. Palikuwa pamesagwa, lakini mguu mmoja wa herufi ulibaki, mguu uliopinda wa H. Aliujua. Herufi ile alimtengenezea Hashim kwa mkono wake mwenyewe, ikapinda, wakacheka siku nzima.

Simu ikalia. Ilikuwa Hashim, na sasa alimsikia wazi, hata kumeza mate kwake.

"Mwidani? Wanisikia?"

"Nakusikia."

"Basi umeshajua," alisema Hashim.

"Ungeniambia, Hashim."

"Mama alikuwa akifa, kaka. Akiniita, namwona mdomo tu. Ningekwambia, ungekataa."

"Wallahi nisingekataa." Na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba lilikuwa kweli. "Njoo uichukue."

"Siwezi kurudi kwenye kimya kile. Nisamehe." Simu ikakatwa.

Mwidani alivuka kwenda Likoni kwa Bi Mishi, mganga aliyewahi kumtibu mama yake mwenyewe. Alimpa shikamoo, akamweleza yote. Bi Mishi aligusa alama ya mafuta mkononi mwake, akanusa kidole, akakunja uso.

"Huyo ni jini wa chuma, mwanangu. Hamshiki anayemgusa, humshika anayemtia jina. Achukua sauti za wale uwapendao, na ile tamu zaidi huiweka mwisho, kama mtoto na nyama yake."

"Na Hashim, bibi? Mbona nilikuwa simsikii, leo namsikia?"

Bi Mishi alimtazama kwa huruma. "Hakuna cha kuchukua tena pale. Si wajua mwenyewe?"

Alimpa njia mbili. Mtu mwengine aitie alama yake, naye Mwidani arudishiwe sauti zote. Au aivunje kwa nyundo. Akiivunja, sauti zilizomo zitapotea milele, lakini ya Rahima itasalimika.

"Nimfanyie mwengine alivyonifanyia Hashim? Haiwi!"

"Basi vunja. Usingoje, mwanangu. Nakusihi usingoje."

Kesho yake Mwidani alisimama na nyundo kubwa ya kuvunjia. Kisha akawaza: Salha. Hatamsikia tena maisha yake yote. Amsikie mara moja tu, amuage. Aligonga taratibu, Salha akamwita, akafumba macho, akagonga tena. Jua likazama nyundo kubwa ikiwa bado chini. Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na iliyofuata pia.

Asubuhi moja Rahima alikuja mbio uwanjani na mkoba wake wa shule, akafungua mdomo, pengo la jino likaonekana. Mwidani aliona ulimi wake ukicheza. Hakusikia kitu. Alimsogelea, akamshika mashavu, akamwomba aseme tena, na mtoto akasema tena, kisha akamtazama baba yake, akainamisha kichwa, akaenda zake shule.

Aliigonga bloku.

"Mama," Rahima alisema ndani ya chuma, "mbona baba hanijibu? Nimemkosea nini?"

Aliinua nyundo kubwa juu ya kichwa chake. Aliishikilia hapo mpaka mabega yakamwaka. Sauti ya mwanawe ilikuwa mle. Akaishusha.

Hapo ndipo chuma kilipoita, kwa sauti ya Mwidani mwenyewe, na midomo ya Mwidani imefungwa.

"Kitsao! Njoo uisikie hii, kaka. Leo nakufunza!"

"Naja!" Kitsao alikuja akijifuta mikono kwenye suruali, uso umemchangamka kwa furaha. Alichuchumaa, akagonga, akainamisha sikio. "Tamu hii! Haikohoi hata kidogo. Sasa nifanye nini?"

Mwidani alifungua mdomo amwambie arudi, akimbie, asiitazame tena. Ndani ya chuma Rahima alikuwa bado anauliza. Mwidani alipapasa kwenye kisanduku cha herufi, akaitafuta K, akaipata, akampa pamoja na nyundo.

"Tia alama yako," alisema, na safari hii alisema mwenyewe.