Kizingiti cha Kina Mashhur

"Bibi, nimefika. Hiki hapa kizingiti chenu."

Simu nilikuwa nimeishika mimi, kwenye kambi ya wakimbizi ya Irbid, Yordani. Wisam alikuwa ng'ambo ya mto, peke yake kwenye misonobari, akituonyesha jiwe. Bibi Wadha aliibusu skrini mpaka ikalowa. Vita vilimtoa kijijini Ein Sarwa akiwa mtoto, hajarudi tena. Hapohapo akatangaza kwamba kijana huyu alete posa. Mimi nikajifanya natafuta chaja.

Ndivyo tulivyopendana: mimi nawarekodi wazee, yeye anazitafuta nyumba zao kwenye magofu, tunachora ramani ya kijiji. Hata mkono hatujawahi kushikana. Mapenzi ya kutegemea chaji.

Jioni nikairudia ile video ili niiweke nyumba yetu kwenye ramani. Wisam alikuwa amesimama upande wa chini wa chemchemi ya kijiji. Wazee wote walisema kina Bibi walikaa upande wa juu. Nikampigia.

"Wisam, ulisimama kwa nani?"



"Kwenu hakuna kitu, Rawand. Tingatinga limepita. Watu wanaegesha magari, wanachoma nyama. Ningemwambiaje?"

"Hivyohivyo."

"Nilitaka afurahi. Na nilikutaka wewe."

"Ndiyo ukaniposa kwa jiwe la watu?"

Nikakata. Siku zilizofuata kambi nzima, na kelele zake zote, niliiona tupu. Kila nyumba aliyonipa niliitilia shaka, na sikuwa na wa kumwambia. Wa kumwambia alikuwa yeye.

Kisha ikaingia meseji: "Mpe Bibi simu. Nitamwambia mwenyewe."

Akamwambia.

"Sasa mimi nimebusu mlango wa nani?"

"Wa kina Mashhur, Bibi."

"Wale? Hata chumvi walitunyima." Akavaa viatu. "Rawand, twende kwa Fahima wao. Yule hajaonyeshwa hata kokoto."

Bi Fahima aliishika simu yenye ile video kwa mikono miwili, akalia. Bibi akakaa pembeni, akimtazama mwenzake akililia mlango wake. Hakuna aliyemgeukia.

Pale petu kwenye ramani niliandika: hakuna kitu.

Tukirudi, nikamuuliza Bibi kuhusu Wisam. Alitembea mikono nyuma, bila kunishika.

"Aje. Ila aje na wazee wake wote. Neno lake peke yake halitoshi tena."