Tope Kwenye Paji la Uso

Kifuniko cha birika kilikuwa kikitetemeka gizani, kabla hakujapambazuka, simu ilipoita. Inspekta Rebekka Kooper alisikiliza, akazima jiko, akamfunika vizuri bintiye Liena. Akamwamsha mama yake aje kumwangalia mtoto, akaondoka.

Saa tatu asubuhi alikuwa chini kabisa ya korongo la Mto wa Samaki. Marehemu alikuwa ameegemea mwamba kando ya kidimbwi, kofia imemfunika macho. Arvid Lund, mtalii, miaka sabini na sita. Walinzi wa hifadhi walikuwa wamemsaka usiku kucha.

"Hana jeraha," alisema daktari wa polisi. "Naona ni moyo. Uchunguzi wa maiti utathibitisha."

"Kajiteremkia mwenyewe," alisema Sajini Kefas. "Msimu wa joto njia imefungwa, na cheti cha daktari cha kumruhusu kushuka alinyimwa. Wazee wabishi kama punda!"

Rebekka aliinua kofia. Kwenye paji la uso palikuwa na mstari wa tope kavu, upana wa kidole gumba.

"Aliangukia tope," Kefas akasema.

"Aangukaye huchafuka pua. Wewe ulipoletwa mtoni mara ya kwanza, nani alikupaka?"

Kefas aligusa paji lake la uso. Alipakwa na babu yake, kama apakwavyo kila mgeni ili maji yamtambue. Hakuna ajipakaye mwenyewe. Hupaka mzee wa mahali.

Kambini, juu ya korongo, mjane wa Lund, Bi Solveig, alikuwa kwenye kiti cha turubai, ameielekea njia ya korongoni. Hakuuliza ila jambo moja.

"Alikuwa peke yake?"

"Bado sijajua, mama."

"Ukijua niambie. Hata kama ni baya."

Kati ya wenyeji waliofanya kazi pale, mwenye mvi alikuwa mmoja tu: Mzee Gert Boois, bawabu.

"Babu, jana ulikuwa wapi?"

"Getini. Siku hizi mimi ni mbwa wa geti, hujui?"

"Mchana kutwa?"

"Mchana kutwa."

"Nani alimpaka mgeni tope?"

"Pengine alijipaka. Wageni hawa hujipaka kila kitu, jua likiwaka."

Kefas alicheka. Rebekka hakucheka.

"Mimi ulinipaka wewe, babu, nikiwa na miaka minne. Leo mke wa yule mtu ananiuliza kama alikufa peke yake. Nimjibu nini?"

Mzee alitazama kidole gumba chake.

"Mjibu hakuwa peke yake."

"Endelea."

"Miaka arobaini nimeshusha watu kule. Mwaka juzi daktari akasema moyo wangu mbovu, nikapewa geti. Juzi yeye naye akakataliwa. Akaniambia, 'Nimevuka bahari nije kutazama kwa darubini?' Nikaona huyu ni mwenzangu. Tukatoroka. Tulicheka njia nzima kama watoro wa shule."

"Halafu?"

"Nikampaka. Akanywa, akasema, 'Solveig angeyapenda haya maji.' Mara akashika kifua. Nilimshika mkono mpaka ukapoa."

"Kisha ukarudi ukanyamaza."

"Niliogopa kufukuzwa hata getini."

"Na usiku ukaenda na wenzako kumsaka."

"Nilienda."

"Ukaliita jina lake."

"Niliita," alisema mzee. "Mkewe alikuwa juu, ananisikia nikiita. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu. Andika."

Rebekka aliandika. Kumpitisha mgeni njia iliyofungwa, kuficha kifo. Mzee alitia sahihi polepole. Pingu hakufungwa.

Bi Solveig alipoambiwa, alimwomba Rebekka arudie yale maneno ya mumewe kuhusu maji. Yakarudiwa. Ndipo akalia.

Jumapili, kabla ya safari ya jeneza, alitaka kuugusa mto. Rebekka alimpeleka kule korongo linapofunguka na gari hufika majini, Liena akiwa kiti cha nyuma. Mjane akavua viatu, akainama, viganja wazi.

Liena alimshika sketi, kidole gumba cha mkono wa pili kimejaa tope.

"Bibi, maji bado hayakujui."