Mbuzi Ambao Hawakuwapo

Kila alasiri baada ya masomo, Zeena alipanda lifti moja kwa moja hadi kwa Bibi Lourdes. Alivua buti zenye theluji mlangoni, akaziweka juu ya gazeti, akaingia jikoni kunywa chai. Mama yake, mzaliwa wa Mombasa, alifanya kazi ya zamu katika uwanja wa ndege wa Toronto. Treni ilimchukua adhuhuri kutoka stesheni ya Weston na kumrudisha usiku. Bibi Lourdes hakuwa ndugu yao. Alikuwa Mgoa wa Nairobi, karani mstaafu wa ofisi ya mawakili, na mlango wake ulitazamana na wao. Lakini alikuwa amemtunza Zeena tangu darasa la kwanza, na hakuna aliyekumbuka tena kwamba hawakuwa ndugu. Bibi alizungumza Kiswahili, Zeena akamjibu kwa Kiingereza. Walikuwa wamezoeana hivyo.

Februari hiyo shule ilikuwa ikiandaa jioni ya kuwaenzi wanamitindo Weusi waliobadilisha tasnia ya mavazi. Kila mwanafunzi wa darasa la saba alipewa mtu mmoja wa kumtafiti. Angetengeneza bango la picha na maelezo, kisha asimame kando yake katika ukumbi wa michezo na kuwasimulia wazazi. Ambaye angesimulia vizuri zaidi katika mazoezi ndiye angefungua shughuli jukwaani. Zeena aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Mama yake hakuwahi kufika katika sherehe hata moja ya shule kwa sababu ya zamu zake; safari hii alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake ili aje.

Zeena alipewa Iman, Msomali aliyezaliwa Mogadishu, na aliifanya kazi yake kwa makini. Alisoma kwamba Iman alikuwa binti wa mwanadiplomasia, kwamba alijua lugha tano, na kwamba mwaka 1975 alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi mpigapicha Mmarekani alipomwona barabarani. Alisoma pia kwamba Iman alipofika Marekani, watu walielezwa kuwa alikuwa mchunga mbuzi aliyeokotwa nyikani, asiyejua Kiingereza. Hadithi hiyo ilikuwa ya kutunga, na Iman mwenyewe aliikanusha.

Katika mazoezi ya kwanza Zeena alisimulia ukweli kama alivyousoma. Darasa lilimsikiliza kwa adabu, na mmoja akapiga miayo. Kisha akasimama Willy, mtoto wa Kikongo ambaye ulimi wake haukujua kupumzika. Alieleza jinsi Beverly Johnson alivyokuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kutokea kwenye jalada la jarida la Vogue la Marekani, mwaka 1974, huku akitembea kwa madaha kati ya madawati. Darasa zima lilipiga makofi.

"Wako amesoma tu, wangu amevunja mlango," Willy alimtania walipokuwa wakitoka. "Mwongezee hata simba mmoja, dada. Watu watalala."

Zeena hakumwongezea simba. Alimwongezea mbuzi. Katika mazoezi ya pili, chuo kikuu kilitoweka na mwanadiplomasia akatoweka. Badala yao likaja jangwa, msichana asiye na viatu, fimbo mkononi, na mgeni mwenye kamera aliyetokea kwenye vumbi. Darasa lilinyamaza kimya. Mwalimu Parveen alimshukuru kwa sauti iliyotetemeka kidogo, kisha akatangaza kwamba Zeena ndiye atakayefungua shughuli. Zeena alimpigia Mama simu na kumweleza yote, hata yale ya jangwani, naye akawatangazia wenzake wote wa zamu.

Siku yenyewe ya sherehe, Bibi Lourdes aliweka sambusa mezani na kumtaka Zeena amsimulie. Alisikiliza hadi mwisho bila kugusa chai yake.

"Mimi nilikuwa Nairobi mwaka huo wa 1975, na Iman alionwa mjini humo," alisema. "Huyo mama sikumjua, na sitasema nilimjua. Lakini mbuzi niliowaona mjini walikuwa wananing'inia buchani. Hawa wako umewatoa wapi?"

Zeena alijibu kwamba hakuwatunga yeye. Magazeti ya zamani yaliandika hivyo.

"Sikukuuliza nani aliandika. Nauliza kama ni kweli."

Zeena alitazama sahani. Alikiri kwamba si kweli na kwamba alijua tangu mwanzo. Kisha maneno yakamtoka kwa haraka: ule ukweli haukumgusa mtu, lakini uongo wa mbuzi uliwagusa wote, na Mama amebadilisha zamu ili amwone jukwaani, sasa angefanyaje?

Bibi hakupandisha sauti. Alimkumbusha siku ambayo Clive wa darasani kwao alimwuliza kama mama yake alilala juu ya mti kwa kuogopa simba. Zeena alikuja akilia hadi chai ikapoa.

"Mama yako alikulia kwenye nyumba ya ghorofa, mkabala na stesheni ya mafuta," Bibi alisema. "Wewe ulikasirika kwa sababu Clive alimpokonya maisha yake akampa mengine ya kubuni. Sasa niambie wewe umemfanyia nini huyo binti wa Mogadishu."

Zeena alisukuma sahani kando. Sambusa hakuila. Alivaa koti na buti, akatangulia shuleni kabla ya wakati.

Alimkuta Mwalimu Parveen akipanga viti. Alimweleza yote akiwa amesimama, bila kujitetea. Mwalimu aliketi kwenye kiti kimojawapo. Alisema kwamba yeye pia alikosa, kwa kuwa maelezo yale yalimgusa naye hakuuliza kwa nini yalitofautiana na yale ya kwanza. Hata hivyo, nafasi ile Zeena aliipata kwa maelezo ya uongo, na hangeweza kubaki nayo. Willy ndiye angefungua. Zeena angezungumza kando ya bango lake kama wenzake, kama yuko tayari kulirekebisha.

Zeena alisema yuko tayari. Alishangaa kuona kwamba hakuhuzunika kama alivyotarajia; alihisi kama mtu aliyetua mzigo kichwani na sasa anaigeuza shingo yake apendavyo.

Willy alifungua shughuli kwa madaha yake yote. Baadaye wazazi walisambaa ukumbini, na kundi dogo likasimama mbele ya bango la Iman. Mama alikuwa miongoni mwao, bado amevaa koti, na Bibi Lourdes kando yake.

Zeena alivuta pumzi. Aliwaeleza kwanza uongo uliosimuliwa juu ya Iman, na kwamba yeye mwenyewe aliurudia darasani kwa sababu ulipendwa. Kisha akawapa ukweli. Mwanafunzi wa Nairobi aliposimamishwa na mpigapicha, hakumkimbilia. Alitaka kwanza alipiwe karo ya chuo. Alipoanza kazi Marekani, wapambaji hawakuwa na vipodozi vya rangi yake, akajichanganyia mwenyewe. Na mwaka 1994 akaanzisha kampuni ya vipodozi vya wanawake wenye rangi kama yake na nyinginezo zilizosahauliwa. Hakuna aliyepiga miayo. Clive, aliyekuwa nyuma na baba yake, aliuliza lugha tano hizo ni zipi, na Zeena alizitaja zote.

Watu walipopungua, Zeena alimwendea mama yake na kumwomba radhi kwa kupoteza nafasi ya jukwaani.

Mama aliguna, kisha akacheka. "Ulipoyasema yale ya jangwani kwenye simu juzi, sikuyapenda, ila fahari ilinifunga mdomo. Leo nimeingia hapa moyo uko juu. Sasa umeshuka."

Mwalimu Parveen alikuwa amesikia. Aliwaita wanafunzi waliokuwa karibu, akawasubiri hadi wote walipotulia.

"Tumekuja kuwaheshimu watu hawa," aliwaambia. "Ukimsifu mtu kwa jambo asilolifanya, umemnyang'anya lile alilolifanya. Kabla ya kusimulia habari ya mtu, hakikisheni ni yake. Na ukigundua umekosea, sema mapema, kama Zeena alivyosema leo, wakati bado unaweza kurekebisha."

Kisha aliwapa vitambaa na maji, wakaanza kupangusa sakafu iliyolowa theluji ya viatu vya wageni.