Kata Kitambaa, Lakini Lini?

Mwamvita ni fundi cherehani karibu na soko la Tabora. Siku hiyo alikuwa akipindia kanzu. Binti yake Najiat, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikuwa akipiga pasi.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Ange, bibi harusi mtarajiwa. Ange alizaliwa Ulyankulu, mkoani humo, lakini amekulia Marekani. Kiswahili kinampiga chenga, kwa hiyo huandika Kiingereza. Kitambaa cha gauni lake kililetwa na mama yake mdogo, Rustika.

"Nisomee, mwanangu," alisema Mwamvita.

Najiat akasoma: "Please cut the cloth once my aunt agrees."

"Maana yake nini?"

"Tafadhali kata kitambaa mara moja. Mama mdogo anakubali."

"Una hakika?"

"Ndiyo, mama. 'Once' ni mara moja. Tumefundishwa."

Mwamvita hakuchelewa. Alitandaza kitambaa, akachora kwa chaki kwa vipimo alivyotumiwa, akakata. Mikono upande huu, kifua upande ule.

Alasiri Rustika akabisha hodi. "Mama Najiat, nimekuja tuzungumze juu ya kile..." Akaona vipande mezani.

"Umekata?"

"Nimekata, dada. Si umekubali?"

"Nani kakubali? Mungu wangu! Marehemu dada yangu alijifunga kitambaa hicho siku ya ndoa yake! Nilikileta kwa ombi la Ange tu, lakini nimekuja kukwambia usikiguse. Nataka Ange ajifunge kikiwa kizima, kama mama yake."

Mkasi ulimponyoka Mwamvita. Akakaa chini sakafuni. Harufu ya nguo kuungua ndiyo iliyomkumbusha Najiat pasi.

Jirani yao Apolinaria, mwalimu wa Kiingereza, alisikia sauti ya Rustika akaja mbio.

"Shikamoo, mwalimu," Najiat alisema. Akampa simu.

"Marahaba." Apolinaria akasoma, akashusha pumzi. "Najiat, humu mna vitendo vingapi?"

"Viwili. Kukata na kukubali."

"Nani akate?"

"Mama."

"Nani akubali?"

"Mama mdogo."

"Basi hivyo ni vipande viwili, kila kimoja na mtendaji wake. 'Once' liko katikati. Linafanya nini pale?"

Najiat akainama kuitazama simu, mwalimu akaeleza:

"Linaviunga. Ukisema 'I saw him once', yaani nilimwona mara moja, ni mara moja ya kuhesabu, wala si ya haraka. Lakini likiunga vipande viwili, maana yake ni 'mara tu baada ya'. Ukikutana na vitendo viwili, tafuta neno linaloviunga. Kisha jiulize: kipi kinatangulia?"

Najiat akasoma tena, polepole. "Kwanza akubali... ndipo mama akate." Akaangua kilio.

"Kumbe kineno kidogo hivi!" Mwamvita alisema, hajaamini bado.

"Sasa Ange tutamwambia nini?" Rustika aliuliza.

"Ukweli," alijibu Mwamvita. "Andika, Najiat."

Najiat akaandika: "I cut the cloth. I did not understand."

"Viunge," alisema Apolinaria. "Kipi ni sababu ya kipi?"

Najiat akafikiri, akafuta, akaandika upya: "I cut the cloth because I did not understand your message. I will not sew until you answer." Akaeleza: "Nimekata kwa sababu sikuelewa ujumbe wako. Sitashona mpaka ujibu."

Walingoja. Mwamvita akamimina chai, lakini hakuna aliyeigusa.

Jibu likaja. Safari hii Najiat hakukurupuka. Alihesabu vitendo kwa vidole, midomo ikicheza.

"Although I cried, I still want to wear it. Start sewing when my aunt is ready." Akainua macho. "'Although' ni ingawa. Ingawa amelia, bado anataka kukivaa. Tuanze kushona..." Akatua. "Tuanze wakati mama mdogo atakapokuwa tayari."

Mwamvita hakugusa cherehani. Akamgeukia Rustika.

"Dada, uko tayari?"

Rustika alikipapasa kile kipande cha kifua kwa muda mrefu. Akafuta machozi kwa kanga.

"Niko tayari," alisema. "Shona."