Nyoka wa Nawara Hataki Kula

Harufu ya mkate ilianza Ijumaa, na Inshirah hakuwa ameoka. Tanuri lilikuwa baridi, paka amelala juu yake, na bado nyumba ilinukia mkate wa moto, hasa pale kwenye mtungi alimokaa nyoka mchanga wa Nawara.

Nyoka mwenyewe hakuwa wa kutisha: mwembamba kama kamba ya kiatu, hana sumu. Basyuni, mume wa Inshirah, mkamata nyoka kama baba na babu zake, alimtoa kwenye tanuri la mjane mmoja wa kijiji jirani akamletea bintiye Nawara amfuge. Katika nyumba za Warifai, watu wa tarika ya wakamata nyoka, watoto huchezea nyoka kama wengine wanavyochezea vifaranga, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Ila nyoka hakula. Na tangu siku aliyoingia, Nawara naye, mtoto aliyekuwa akigombania ukoko wa sufuria, hakutia kitu kinywani.

"Nitakula akila yeye," alisema, basi.

Daktari alimpima, akamwandikia dawa ya minyoo. Mboga ya mlukhiya ikarudi jikoni bila kuguswa, maharage yakarudi. Basyuni akaona dawa ni moja tu, nyoka ale. Alichukua kinda la panya, akalipasha kwenye maji ya uvuguvugu, akalining'iniza kwa kibanio. Nyoka akageuza kichwa. Akalisugua kwa ngozi ya mjusi, maana nyoka wachanga hupenda mjusi. Wapi. Akaufunika mtungi, ili mtu asimsumbue nyoka. Asubuhi kinda lilikuwa vilevile, na mbavu za Nawara zilianza kuonekana.

"Si wewe fundi wa nyoka?" Inshirah alimfokea. "Ukoo mzima mnajisifu. Kidudu kama uzi kinakushinda?"

"Punguza sauti. Anasikia."

"Nani, mtoto?"

Basyuni alitupa jicho kwenye mtungi.

Mchana ule, jua likiwa kali, Inshirah alimkuta Nawara amelaza shavu kwenye mtungi, inzi anamtembea kwenye ukope na yeye hapepesi, na kutoka ndani ya mtungi, au ndani ya kifua cha mtoto, hakujua ni wapi, ikaja sauti ya viganja vikipiga donge la unga, pa, pa, pa, taratibu, kama vya mwanamke asiye na haraka na aliyekwisha kuzoea jiko lake, na harufu ya mkate ikapanda hadi mama wa watu akaziba pua. Alimwita mumewe kwa mnong'ono.

"Niambie ukweli, Baba Nawara. Kule kwa mjane, ulimwita kwanza?"

Basyuni akakaa chini. Nyoka wa nyumbani hakamatwi hivihivi, kwani huenda si nyoka bali jini. Mkamataji humwambia mara tatu atoke kwa amani. Akitoka, aende zake. Anayebaki baada ya mara ya tatu ni wa kuuawa, na hahurumiwi.

"Nilikuwa kwenye simu," alisema. "Nikamwona mdogo, nikamtia mfukoni."

"Mwite sasa. Nakuomba, mwite."

Basyuni alichukua fimbo yake, akafunua mtungi, akaweka kinda la panya ndani. "Kwa jina la Mungu, kama wewe si nyoka, toka nyumbani mwangu kwa amani." Mara ya kwanza, viganja viliendelea kupiga. Ya pili, viganja vikaacha kupiga. Ya tatu, nyoka akarusha kichwa, akalidaka lile kinda na kuanza kulimeza kwa pupa, kama nyoka yeyote mwenye njaa.

Inshirah alilia kwa furaha. Akamega mkate. "Amekula, mwanangu. Umemwona? Haya, na wewe kula."

Nawara aliutazama mkate, kisha akamtazama baba yake.

"Humu ndani mna joto," alisema kwa upole. "Sitoki."

Inshirah alimvuta mtoto kifuani, akampa mumewe mgongo.

"Weka fimbo chini," alinong'ona. "Basyuni. Ni Nawara huyu. Weka chini."

Machozi yalimtiririka Basyuni, lakini fimbo hakuiweka.