Mboga ya Magokoro

Wali wa Anti Janat ulinuka moshi wa kuni.

Laila alilisogeza tonge puani, akalirudisha sahanini. Nyumba hii ya mjomba wake hapa Kiogoro ilipikia gesi. Sakafu vigae vyeupe, ukuta vigae vyeupe, madirisha wazi mchana kutwa. Lakini moshi ulikuwamo, na nyuma ya moshi ilikuwapo harufu ya maziwa yaliyoanza kuchacha, harufu aliyoijua kabla hajajua kusoma.

"Na wewe unausikia?" Janat, mke wa mjomba, alinong'ona. "Nilidhani ni mimi tu."

Ndiye aliyempigia simu Laila, dukani kwake Nyamira anakouza dawa, akamwambia kwamba mjomba Sabir anakula na hashibi. Laila alidhani ni sukari, akabeba kipimo. Sasa alimtazama mjomba akimaliza sahani na kuvuta nyingine, mashavu yamebonyea, shati linaning'inia kama limeanikwa kambani. Kila tonge alilitafuna, akakunja uso, akalimeza kwa nguvu. Kisha akakohoa kwenye kiganja chake, akakifungua, wote wakaona. Lilikuwa jivu.

"Kila kitu kinakuwa hivyo," alisema Sabir kwa sauti ya mtu anayeona haya. "Kikifika mdomoni tu."

Zamani pale penye vigae palikuwa na jiko la Magokoro. Ndivyo wajukuu walivyomwita bibi yao, kwa Ekegusii, ingawa msikitini Kisii mjini alikuwa Mariam tangu siku aliyoolewa na Babu Salat. Babu alikuwa mfanyabiashara wa ngozi aliyetoka kaskazini, mtu wa nyama na maziwa. Kwake majani yalikuwa chakula cha mbuzi. Basi Magokoro akamtega. Alichuma chinsaga, ile mboga chungu ya mashamba ya huku, akaichemsha mpaka ikanyamaza, akamwaga maji yake, akailaza katika maziwa usiku kucha, akaipasha, akaiongezea maziwa, akailaza tena, na mwisho akatia kijiko cha samli ili mumewe asikie harufu ya kwao. Babu alikula akalamba vidole, akaapa kwamba mbuzi walikuwa wamemficha siri.

Laila, aliyefiwa na mama yake mapema, alikulia kati ya wazee hao wawili, mgongo kwenye ukuta wenye joto, macho kwenye chungu. Alijua kwamba kabla mtu yeyote hajaonja, Magokoro huchota kidogo na kuweka juu ya figa la kushoto, akisema taratibu, "Wa nyumbani kwanza." Watoto walipouliza ni nani huyo wa nyumbani, Babu alicheka, akawaambia ni mgeni wa bibi yao, wasiwe na wivu, hali sana.

Babu alitangulia. Mwaka jana Magokoro akafuata, usingizini, ndivyo Laila alivyoambiwa. Arobaini haijafika, Sabir akabomoa jiko, akang'oa mafiga matatu na kuyatupa migombani, akatandika vigae. Huku hata mtoto mdogo anajua kwamba mafiga ya mama hayang'olewi na mwanawe. Majirani walitazama, wakatikisa vichwa, wakaenda zao.

Maalim Abdirizak, aliyeitwa na Janat aje kumsomea mumewe, alitoka Keumbu siku ya pili, adhuhuri, jua likiwa kali. Alikuwa mzee mfupi mwenye kikohozi. Alimketisha Sabir katikati ya jiko, akamwekea mkono kichwani, akaanza kusoma.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Halafu vigae vilianza kupata joto, kidogo tu, kama mtu amemwaga maji ya kuoga, halafu zaidi, mpaka Janat akavua ndala moja akasimama kwa mguu mmoja, na moshi usioonekana ukawakaba koo, na maziwa yaliyochacha yakanuka kana kwamba chungu kiko katikati yao, na Sabir, macho yamefumba, akaanza kuvuta na kutoa pumzi ndefu ndefu, moja ikipanda juu ya nyingine, kama mtu apulizaye kuni mbichi, na kila alipopuliza jivu likamtoka puani likatua juu ya mapaja yake, laini, bila sauti, huku Maalim akizidi kusoma na sauti yake ikizidi kupungua, mpaka ikawa haisikiki kabisa na kilichobaki ni ile pumzi.

"Wewe ni nani?" Maalim aliuliza.

"Wa nyumbani." Sauti haikuwa ya Sabir. Ilikuwa kavu, na haikuwa na haraka.

"Umeingia lini humu?"

"Ninyi ndio mmeingia. Mimi nilikuwapo Salat alipotandika jiwe la kwanza." Kichwa cha Sabir kiligeuka polepole hadi kikamkabili Laila, macho bado yamefumba. "Mwulize huyu ninayesemea kinywani mwake alitia kufuli mlango gani mama yake akiwa hai. Mwulize mama alikula nini alipofungiwa nje. Alibakiwa na kiporo kwenye chungu chake, tonge moja. Aliingiza mkono dirishani, akalitupa juu ya jiwe langu. Wa nyumbani kwanza, alisema. Kisha akaenda kulala, hakuamka."

Laila alimgeukia Janat. Janat alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake, anaikunja na kuikunjua. Alieleza kwa maneno yaliyokatika katika. Moshi wa mama ulichafua ukuta mpya. Sabir alifunga lile jiko, akasema mama atakula watakachopika wao. Wakaenda arusini Kericho, wakakawia, ufunguo ukiwa mfukoni mwa Sabir. Walimwachia mikate. Mikate ilikauka, na mama hakuwa na meno.

"Unataka nini ili utoke?" Maalim aliuliza.

"Mafiga yarudi. Ipikwe mboga yake. Mkono wa mjukuu umlishe huyu tonge moja, kwa moyo uliosamehe. Nikionja msamaha, nitatoka. Nikiukosa, nitamla mpaka mifupa."

Walivunja vigae. Walichimbua mafiga migombani, yana ukoga, wakayarudisha. Laila alichuma chinsaga, akachemsha, akalaza, akapasha, akalaza tena. Mboga hii haina haraka, na muda wote huo Sabir alilala mkekani akinyong'onyea, na Laila alikoroga huku akitafuta ndani yake kitu kinachofanana na msamaha. Alikumbuka mjomba akimbeba mabegani kwenda sokoni. Alikipata hicho kitu, kidogo. Akakishika.

Baada ya siku mbili, alasiri, mboga ilikuwa tayari. Aliweka ya kwanza juu ya figa, akakata tonge la ugali wa wimbi, akalichovya, akapiga magoti mbele ya mjomba wake.

"Niambie tu," alisema. "Uliporudi ukamkuta, ulijua?"

Sabir alitazama tonge. Mate yalimchuruzika kidevuni. "Mama alikuwa mbishi, Laila. Unamjua. Alikataa kula. Mikate ilikuwepo."

Mkono wa Laila ulisimama hewani.

Halafu ukarudi. Alilitia lile tonge mdomoni mwake mwenyewe. Akatafuna taratibu. Uchungu ulikuwa umekwisha wote. Ulibaki utamu na samli.

"Laila," alisema Maalim. "Atakufa."

Laila alikata tonge jingine. Janat alipiga magoti kando ya Laila, akashika upindo wa gauni lake. "Mwanangu, nakuomba. Mbakishie kidogo."

"Yeye mlimbakishia?"

Alivuta chungu karibu. Sabir alijaribu kunyoosha mkono, ukaanguka. Alilia bila sauti, kinywa wazi kama cha kifaranga, na kutoka ndani ya kinywa kile kilichokuwa wazi, bila midomo kutikisika, ile sauti kavu ilizungumza, kwa upole.

"Kula, mjukuu. Kula ushibe."

Naye akala.