Vidole Viwili vya Fundi Nchagwa

Soko la Migori lilikuwa limefurika mchana ule, na Scovia alikuwa amesimama mbele ya rundo la mitumba, amejiwekea gauni la zambarau kifuani ili aone kama litamkaa. Alirudi nyuma hatua moja amwonyeshe dada yake. Hakujua kwamba nyuma yake kulikuwa na mtu aliyebeba kioo cha dirisha.

Kioo kilipasuka mikononi mwa mtu huyo. Vipande vilimwagika mchangani, wanawake wakavuta watoto wao, na kijana mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi akabaki amesimama, akiutazama mkono wake wa kulia kama si wake. Damu ilikuwa ikimchirizika hadi kwenye kiwiko. Scovia aliliviringisha lile gauni kwenye kiganja cha kijana huyo akakikaza kwa mikono yote miwili.

"Pole, ndugu yangu. Sikukuona."

"Hata mimi sikukuona," alisema yule kijana. "Kwenye kioo nilijiona mimi tu."

Hivyo ndivyo walivyokutana, mwaka 1996. Yeye aliitwa Nchagwa, Mkuria wa upande wa Kehancha, fundi wa milango na madirisha mjini Migori. Scovia alikuwa opereta wa simu kwenye posta ya Homa Bay, na alikuja Migori kumtembelea dada yake aliyeolewa huko.

Kwenye zahanati walimsafisha jeraha, kisha wakamwambia akunje vidole kimoja kimoja. Kidole gumba kilikunjika, cha shahada kikakunjika, cha mwisho vilevile. Cha kati na cha pete havikutikisika. Tabibu alisema kilichokatika si ngozi peke yake bali kano, zile kamba nyeupe zinazovuta vidole kutoka ndani ya mkono. Akamwandikia aende hospitali moja ya misheni nje kidogo ya mji wa Homa Bay, kwa daktari wa upasuaji. Scovia, aliyekuwa bado na damu kwenye blauzi, alisema Homa Bay ni kwao na atampeleka mwenyewe.

Kano zilishonwa vizuri. Baada ya hapo Nchagwa alikabidhiwa kwa Mellen, mtaalamu wa tiba ya mikono, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini ambaye wagonjwa wote walimwita daktari. Chumba chake kilikuwa na meza ndefu, na kila aliyeketi hapo alikuwa na lake. Karani aliyepiga taipu miaka mingi hadi vidole vikaanza kufa ganzi alifungiwa gango, kifaa kigumu cha kuutuliza mkono, la kulala nalo. Mama aliyeteleza mtoni akavunjika kifundo cha mkono alikuwa ametolewa plasta, sasa anakanda unga ili mkono ulegee. Mwashi aliyekuwa na maumivu ya kiwiko alifundishwa kuinua mwiko bila kuunyonga mkono.

Nchagwa alitengenezewa gango la plasta juu ya mgongo wa mkono, kiganja kimeinamishwa, vidole vimekunjwa. Kwenye kucha za vidole viwili Mellen aligundisha kulabu ndogo, za kufungia magauni, na kwenye kila kulabu akaunga mpira mwembamba uliofungwa karibu na kifundo.

"Sikiliza vizuri," alimwambia. "Kazi yako ni kunyoosha vidole. Kukunja, uachie mpira ufanye. Ukikunja kwa nguvu zako, uzi utaachia na kano itakatika. Ukikaa bila kusogeza kabisa, kano itagandamana na nyama, uwe na mkono wa mti. Na hata tukikutoa hili gango, usishike kitu kizito mpaka miezi mitatu iishe. Umesikia, fundi?"

Scovia aliketi kando, amevaa sketi yake ya kazini ya buluu na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi. Alikuwa akiitazama ile mipira, iliyokazwa kama nyuzi za kinanda cha Wajaluo.

"Mkono wako umekuwa nyatiti," alisema. "Nikiupiga utalia?"

Nchagwa alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sokoni.

Alipata chumba kwa mtu wa kwao pale Homa Bay, na Scovia akawa anafika kila jioni akitoka kazini. Mwanzoni alileta chakula kwa sababu mtu wa mkono mmoja hawezi kusonga ugali. Baadaye alileta chakula kwa sababu alitaka kula naye. Alimfungia vifungo vya shati, akamkumbusha mazoezi, akamtania kwamba Wakuria hawajui kula samaki bila kukwamwa na miiba. Nchagwa naye alizoea kumwita jaber, yaani mrembo kwa Kijaluo, kwa lafudhi iliyomfanya Scovia ainamie sahani yake akicheka. Jioni moja, akimpaka mafuta kwenye kovu kama Mellen alivyowaonyesha, Scovia aliweka shavu lake kwenye kile kiganja.

Gango lilipotolewa, vidole vilikunjika. Vilikunjika polepole, kama wazee wanaokaa chini, lakini vilikunjika. Mellen alimpa kazi ya kuokota vifungo vya nguo na kukamua sifongo ndani ya maji, akamruhusu arudi Migori kwa sharti kwamba atakuja kila wiki na hatagusa randa wala nyundo. Nchagwa aliondoka akiwa ameamua jambo: vidole vikipona kabisa, ataenda kwa wazazi wa Scovia.

Akiwa Migori alimpigia Scovia kutoka kibanda cha simu kilicho kando ya posta. Ilikuwa rahisi, maana simu zote za Homa Bay zilipita mikononi mwa Scovia au mwenzake Lynnet. Siku nyingine Scovia aliziacha simu za watu zikisubiri.

"Umekunja mara ngapi leo, fundi?"

"Mpaka kidole kinakuita jina."

"Kinasema nini?"

"Kinasema wewe ni daktari mbaya, unatibu mkono unaumiza moyo."

Kisha ikaja ile simu ya Ijumaa. Lynnet ndiye aliyepokea. Alimwambia asubiri, akaweka kisikilizio mezani, na hakuiziba laini. Nchagwa alimsikia akimwambia Scovia, kwa Kijaluo, lugha ambayo Nchagwa aliielewa vizuri kwa kuishi Migori, kwamba yule wa mkono yuko kwenye simu. Lynnet akauliza kwa kejeli kama kweli msichana mzima anaweza kujifunga kwa seremala kilema wa Kikuria.

Scovia aliona haya. Hakuwa amemwambia mtu yeyote ofisini, na msimamizi wao alikuwa amesimama mlangoni. Akacheka kidogo.

"Sasa nitafanyaje," alisema, "na ni mimi niliyemkata?"

Kisha akachukua kisikilizio na kusema halo kwa sauti ya furaha. Laini ilikuwa imekatika. Alifikiri ni mitambo, kama kawaida.

Nchagwa alitembea kutoka kibandani bila kuona alikopita. Alikumbuka kila sahani ya ugali, kila kifungo cha shati, na sasa kila kimoja kilikuwa na sura nyingine. Ameniuguza kama mtu anayefagia vioo alivyovunja, aliwaza. Akataka jambo moja tu: mkono uwe mzima, kesho, leo, ili Scovia asiwe na sababu ya kuja. Hapo ndipo angejua kama angekuja.

Alifungua karakana, akabana ubao wa mvule kwenye meza, akashika randa. Mikupuo ya kwanza ilikwenda. Maganda ya mbao yalijikunja yakaanguka miguuni, na kwa muda mfupi alikuwa fundi tena. Kisha randa ikagonga fundo gumu la mti. Akaikaza kwa nguvu zake zote. Ndani ya kiganja alisikia kitu kikiachia, kama uzi unaokatwa kwa meno. Hakikuuma sana. Alipotazama, vidole viwili vilikuwa vimenyooka. Aliviamrisha vijikunje. Havikusikia.

Kama angerudi kwa Mellen wiki ile, kano zingeweza kushonwa tena. Hakurudi. Alimwogopa Mellen kwa kumkaidi, na alimwogopa Scovia zaidi, kwa sababu alijua akiuona mkono ule atakuja, na atakuja kwa huruma, na huruma hiyo haitakwisha. Alimwomba Machuki, mwenye duka la mbao la jirani ambako Scovia alizoea kupiga simu, aseme amesafiri. Machuki, akidhani anamsaidia mwanamume kumkwepa mwanamke, aliongeza la kwake. Alimwambia Scovia kwamba Nchagwa ameenda Kehancha kutafuta mke.

Scovia aliuliza mara moja tu. Alishukuru kwa heshima, akakata simu, akaendelea kuunganisha watu wengine waongee.

Ilipita miezi. Mellen ndiye aliyelifukua jambo hilo, bila kukusudia. Alifika posta kupiga simu Kisumu, akamwona Scovia na kumuuliza kwa ukali kidogo kwa nini yule fundi wake aliacha tiba katikati. Scovia akasema fundi ameoa.

"Ameoa na mkono gani?" Mellen aliuliza. "Mgonjwa wangu mmoja wa Uriri alikwenda kwake kununua mlango. Anasema fundi anashika nyundo kwa kushoto, na vidole vimesimama kama misumari."

Jumamosi iliyofuata Scovia alikuwa mlangoni mwa karakana, amevaa gauni la kijani na kilemba cheupe. Nchagwa alimwona akaficha mkono nyuma ya aproni.

"Utoe," alisema Scovia.

Aliutoa. Scovia aliushika, akavikunja vile vidole kwa vyake. Vilikunjika. Alipoviachia, vikanyooka.

"Mke yuko wapi?"

"Hakuna mke."

"Basi niambie ni nini nilikukosea."

Nchagwa alimweleza, akitazama maganda ya mbao. Alirudia maneno ya Scovia aliyoyasikia kwenye simu, kwa Kijaluo kilekile. Scovia aliketi juu ya gogo. Alisema ni kweli aliyasema. Alisema aliona haya mbele ya Lynnet, na kwamba maneno yale ya aibu ndiyo uongo pekee aliowahi kusema juu yake. Wote wawili walilia, na Machuki upande wa pili akazima redio.

Walirudi kwa Mellen pamoja. Alipapasa kiganja kwa muda mrefu, kisha akasema ncha za kano zimejivuta juu mkononi na kusinyaa, hazifikiani tena. Upasuaji wa kupandikiza kano nyingine ulikuwapo Nairobi, wa kufanywa kwa awamu mbili, na hakuna aliyeweza kumwahidi chochote. Hakumkemea. Alimfundisha kushika kwa vidole vilivyobaki, akamwonyesha jinsi ya kunenepesha mipini ya vifaa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Nchagwa aliweza tena kutengeneza stuli. Madirisha ya vioo hakuyaweza.

Siku alipomaliza tiba walitembea hadi ziwani, ambako wanawake walikuwa wakigeuza omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu juani. Hapo Nchagwa alimwomba akubali kuolewa naye.

Scovia alimgeukia.

"Nilipokuwa nakufungia shati," alisema, "ulikuwa unafikiri nini?"

"Kwamba unanipenda."

"Na baada ya ile simu?"

Nchagwa aligeuza uso ziwani.

"Nchagwa, nikikupikia kesho. Nikikufungia kifungo miaka kumi ijayo, siku tumegombana. Utafikiri nini?"

Nchagwa alijua jibu alilotakiwa kutoa. Aliliweka mdomoni, na likakataa kutoka, kwa sababu Scovia alikuwa anamtazama machoni na angeujua uongo.

"Sijui," alisema.

"Ungesema hujui kwa sababu hunipendi, ningepambana nawe," alisema Scovia. "Lakini unanipenda na bado hujui. Mimi siwezi kuishi nikithibitisha kila siku kwamba sikuhurumii. Nitachoka, na siku nikichoka utasema, ona, nilijua."

Upepo ulileta harufu ya samaki. Nchagwa alitaka kusema kwamba atajifunza. Alitazama mkono wake uliojifunza kila kilichowezekana, akauingiza mfukoni.

Walipofika barabarani Scovia alinyoosha mkono wa kushoto kumuaga, ili Nchagwa aushike kwa ule wake mzima. Akaona uso wa Nchagwa ulivyobadilika. Akaurudisha, akatoa wa kulia. Nchagwa naye akatoa wake, na vile vidole viwili vikasimama ndani ya kiganja cha Scovia, vigumu, bila kukishika. Scovia aliubana mkono ule kwa nguvu, bila kuuonea huruma, kisha akauachia.